Wakala ananiambia nifiche ugonjwa wangu wa damu ili nipunguzwe matiti

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 28. Sijaolewa ila posa imeshaletwa. Taabu yangu ni matiti. Tangu darasa la saba yalikuwa makubwa kupita umri wangu, na mpaka leo yananitesa. Nikisimama ubaoni vipindi viwili mfululizo, shingo na mgongo vinawaka moto. Kamba za sidiria zimenichimba mifereji mabegani. Joto la huku kwetu likizidi, ngozi ya chini ya matiti inachubuka mpaka inatoa maji. Saizi yangu madukani haipo, naagizia Dar kwa mtu. Wanafunzi wakubwa wamenipachika jina ambalo sitaliandika hapa.

Nimeweka akiba kwenye kikoba miaka minne. Mwaka huu nikakutana na wakala anayepeleka wanawake Istanbul, Uturuki, kufanyiwa upasuaji. Nimeshatoa kianzio cha shilingi milioni mbili, na safari ni baada ya wiki tano.

Sasa kuna hili. Miaka mitatu iliyopita niling'olewa jino, damu ikatoka siku mbili. Nikapewa rufaa, na Muhimbili wakaniambia nina ugonjwa wa von Willebrand, wa damu kutoganda vizuri, aina ya 1. Hedhi yangu ni siku 8 au 9, usiku natandika plastiki chini ya khanga. Mama anasema wanawake wa ukoo wetu ndivyo tulivyo, bibi naye alikuwa hivyo na aliishi akazeeka. Kaka yangu alipopelekwa jando alivuja damu siku tatu mpaka akaongezewa damu hospitali, lakini hajawahi kupimwa.

Wakala alinituma maabara. Wingi wa damu ni 9.1, na kipimo cha kuganda kwa damu kimekuja "kawaida". Fomu ya hospitali ya kule ina swali kama nina ugonjwa wowote wa damu kutoganda. Wakala ananiambia nijaze "Hapana", maana nikijaza "Ndiyo" watanikataa na kianzio hakirudi. Anasema pia nikiongeza pesa kidogo watanitoa na mafuta ya tumbo siku hiyohiyo. Mama anataka niache alichoumba Mungu. Mchumba wangu hajui lolote.

Shangazi, nijaze nini?

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Jaza "Ndiyo". Na safari ya wiki tano hizi ivunje, hata kama ile milioni mbili itapotea.

Najua umeweka akiba hiyo kwa jasho, na najua jibu hili linauma. Ndiyo maana nataka nikueleze kwa kirefu. Sikukatazi upasuaji. Mwanamke mwenye von Willebrand aina ya 1 anaweza kupunguzwa matiti na akarudi nyumbani salama, na wapo wengi duniani waliofanyiwa. Anachohitaji ni timu inayojua anachoumwa kabla kisu hakijashikwa. Wakala wako anataka kukuondolea kinga hiyo moja.

Kabla ya hapo niseme neno kuhusu haja yenyewe, maana nahisi umeandika ukiwa na aibu. Mifereji mabegani, mgongo unaowaka, ngozi inayochubuka: hayo ni maradhi ya mwili. Madaktari wa upasuaji rekebishi wanayajua na wanayatibu. Mama yako ana haki ya kukuogopea, lakini huyu Mungu aliyekuumba ndiye huyohuyo aliyemjalia daktari mkono. Usikubali mtu akuambie unatafuta urembo tu. Na hata ingekuwa urembo, bado ungestahili kutunzwa kwa uangalifu uleule.

Sasa huo ugonjwa. Mtu akikatwa, chembe sahani za damu ndizo za kwanza kukimbilia kwenye jeraha. Lakini haziwezi kushika penye jeraha zenyewe, zinahitaji kitu cha kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Protini ya von Willebrand ndiyo ulimbo huo. Ina kazi ya pili pia: inaibeba na kuilinda fakta 8, mojawapo ya vigandisha damu. Kwako ulimbo upo, ila ni pungufu. Ndiyo maana hutoki damu hovyo ukiwa umekaa, lakini jino likitoka, au hedhi ikija, hapo upungufu unaonekana.

Mama anaposema ndivyo wanawake wa ukoo wenu mlivyo, amesema kweli kuliko anavyojua. Ugonjwa huu unarithiwa, na aina yako mara nyingi hupita kwa mzazi mmoja tu, awe baba au mama. Daktari Erik von Willebrand wa Ufini aliuandika mara ya kwanza mwaka 1926, kutokana na familia moja ya visiwa vya Åland. Mtoto aliyeanza naye alikuwa wa kike, wa miaka mitano. Alifariki akiwa na miaka 13, kwa kutokwa damu katika hedhi yake ya nne. Yeye alikuwa na aina kali kuliko yako, kwa hiyo sikutishi naye. Nataka mama aelewe kwamba hedhi ya siku tisa yenye kutandika plastiki ni dalili ya ugonjwa, na ina dawa. Tangu mwanzo ugonjwa huu umewaumiza wanawake huku nyumbani wakiambiwa ni kawaida yao.

Tuje kwenye karatasi ya maabara, maana hapo ndipo wengi wanaponasa. Vipimo vya kuganda kwa damu vinavyofanyika maabara za kawaida vinaweza kuja safi kabisa kwa mtu mwenye von Willebrand. Havikipimi kitu chenyewe. Kinachotakiwa ni kupima kiasi cha protini ya von Willebrand, kupima kama inafanya kazi, na kupima fakta 8. Hata hivyo vinahitaji mkono wa mjuzi: damu nzima ikisafirishwa kwenye barafu kabla ya kutenganishwa, kiwango kinaweza kushuka kwa uongo. Ukipimwa ukiwa mjamzito, mgonjwa, mwenye hofu kubwa au unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kinaweza kupanda ukaonekana mzima. Kwa hiyo hiyo "kawaida" ya wakala haifuti majibu ya Muhimbili hata kidogo.

Nimefanya kazi ya unesi chumba cha upasuaji na wodini miaka mingi kabla ya kustaafu. Kuna usiku mmoja sijausahau. Alikuja binti kuondolewa kovu lililovimba sikioni, lile linalotokana na kutoga. Tulimuuliza kama ana tatizo la damu, akasema hapana. Mama yake alikuwa amemwonya asiseme, asije akakosa mume. Kazi yenyewe haikufika hata nusu saa, akarudi kwao. Saa nne usiku walimrudisha, khanga imelowa mpaka kifuani. Tukashona upya, ikatoka. Tukashona tena, ikatoka. Mara ya tatu mama yake akanivuta mkono kwenye korido akanong'ona kwamba mwanawe na mjomba wake "wana damu nyepesi". Ndipo tukaanza kutafuta dawa na plazma, yale maji ya damu, usiku wa manane, kitu ambacho kingekuwa tayari mezani tangu asubuhi. Alipona, namshukuru Mungu, ingawa kovu lilirudi baya kuliko la kwanza. Sikumlaumu binti. Sisi wenyewe tulimuuliza lile swali tukiwa tumeinamia karatasi, kalamu imeshafika kwenye swali linalofuata, na mama yake yupo pembeni anasikiliza.

Hilo lilikuwa sikio. Kupunguza matiti ni jeraha pana, pande mbili. Daktari anatoa nyama na ngozi, kisha anaipandisha chuchu mahali papya ikiwa bado imeshikiliwa na kipande cha nyama kinachoiletea damu. Damu ikivilia ndani, hubana kile kipande, na chuchu inaweza kufa. Jeraha huchelewa kufunga, wadudu hupata pa kuzaliana, na kwa ngozi zetu zinazopenda kuota makovu ya kuvimba, damu iliyovilia ni mbolea. Unaweza kurudishwa kwenye usingizi siku hiyohiyo kwenda kusafishwa. Na yale mafuta ya tumbo anayotaka kukuongezea ni mabaya zaidi kwa mtu kama wewe, kwa sababu mrija wa kunyonya mafuta unapita kama fuko chini ya ngozi, na damu inayotoka humo hakuna mahali pa kuishonea. Upasuaji mmoja kwa wakati mmoja, mwanangu. Hilo la tumbo lifute kabisa.

Inavyotakiwa iwe ni hivi. Unaanzia kliniki ya magonjwa ya damu, kwa daktari yuleyule aliyekupima. Mwambie wazi unataka kupunguza matiti. Atahakikisha aina yako upya, kwa sababu dawa hutegemea aina. Watu wa aina ya 1 wengi huitikia dawa iitwayo desmopresini, ambayo huufanya mwili utoe akiba ya ulimbo iliyohifadhiwa kwenye kuta za mishipa. Lakini hapo hapana kubahatisha. Unafanyiwa jaribio siku nyingine kabisa kabla ya upasuaji: unapimwa, unapewa dawa, unapimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa nne, ionekane kiwango kimepanda kiasi gani na kinakaa muda gani. Wenye aina ya 2B, ambao ulimbo wao una kasoro, kwa kawaida hawapewi, kwa kuwa inaweza kushusha chembe sahani zao, na aina ya 3 haiwasaidii, maana akiba yenyewe hawana.

Desmopresini ina masharti yake. Mwili unashika maji, kwa hiyo saa 24 baada ya kuipata unapimiwa kiasi cha kunywa. Watu wetu wanapenda kumjaza mgonjwa madafu na uji. Waambie mapema waache, kwa sababu maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka na mtu anaweza kupata degedege. Tena ukirudiarudia siku mfululizo, akiba hupungua na dawa hulegea. Ndiyo maana kwa upasuaji mpana kama huu daktari anaweza kuamua utumie fakta yenyewe ya von Willebrand, yaani ile protini ikiwa dawa, inayoingizwa mshipani. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 inataka kwa upasuaji mkubwa kiwango cha protini hiyo na cha fakta 8 visishuke chini ya 50 kwa mia kwa siku tatu angalau. Juu yake huongezwa asidi ya traneksamiki, vidonge au sindano, inayozuia donge lililokwishaganda lisiyeyuke mapema. Hiyo mara nyingi huendelea siku kadhaa ukiwa umesharudi nyumbani.

Lakini uliza swali hili kabla ya kupangiwa tarehe: fakta ipo? Fakta ni ghali, na nchi zetu hutegemea sana misaada, ukiwemo mpango wa Shirikisho la Himofilia Duniani, linalosaidia wenye magonjwa ya damu kutoganda. Haifai upasuaji wa hiari ukamalize chupa zilizowekwa kwa ajili ya mtoto atakayeletwa anavuja damu kichwani. Kama haipo, unasubiri. Upasuaji wako una fadhila hiyo, unaweza kusubiri.

Siku nayo ina maana. Omba Jumatatu au Jumanne, asubuhi na mapema, maabara ikiwa wazi, benki ya damu ina watu na daktari wa damu yupo mjini siku zinazofuata. Nimeona upasuaji wa Ijumaa mchana ukileta maafa ya Jumamosi usiku kwa wagonjwa wasio na tatizo lolote la damu. Daktari wa usingizi naye ajue, kwa sababu hata sindano ya ganzi ya mgongo ina hatari ya kuvuja damu kwa mtu wa aina yako. Dawa za maumivu ziandikwe kwenye faili kwa herufi kubwa: parasetamoli sawa, aspirini, diklofenaki na ibuprofeni hapana. Diklofenaki huku kwetu hupigwa kama maji, utachomwa kabla hujauliza. Na usimeze dawa za miti, wala vidonge vya vitunguu saumu na mafuta ya samaki, wiki zile za kabla ya upasuaji.

Baada ya hapo usikimbilie Tanga. Kaa Dar kwa ndugu, karibu na hospitali, wiki mbili hivi. Damu inaweza kuanza tena siku ya tano, ya saba au ya kumi. Titi moja likivimba ghafla kuliko jenzake, likakaza, likauma, ni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa ipime safari yako ya Istanbul kwa mizani hiyo. Ungepasuliwa bila dawa, kisha ungewekwa kwenye ndege kwa muda wa saa saba hivi, ukae siku ya nane au ya tisa nyumbani kwako Tanga, na daktari aliyekukata hayupo hata kwa simu. Sisemi madaktari wa Uturuki ni wabaya, nchi ile ina wataalamu wa damu na wa upasuaji hodari. Ubaya ni kwenda kwao ukiwa umewadanganya. Kuna na jambo la upande wa pili: baada ya upasuaji hata damu ya mtu kama wewe inaweza kuganda mguuni, hasa ukipewa fakta na dawa za kugandisha kisha ukae kwenye kiti saa nyingi. Hilo nalo linapangwa na anayejua.

Hapa nyumbani, Muhimbili wana kliniki ya magonjwa ya damu, na tawi lao la Mloganzila linafanya upasuaji rekebishi. Hapo daktari wa damu na wa upasuaji wanaweza kuandikiana wakiwa na faili moja. Wasomaji wangu wa Kenya wenye shida kama hii, waulizie Kenyatta, Nairobi, au hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Gharama uliza kabla, na bima usiitegemee mpaka wakuandikie kwa maandishi. Daktari akieleza kwa barua maumivu na vidonda vyako, una hoja ya kuomba.

Miezi ya kusubiri usiione imepotea, kwa sababu una kazi ya kufanya. Wingi wa damu wa 9.1 ni mdogo, mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Hakuna mtu mwangalifu atakayekupasua kwa hiari na damu hiyo. Omba utibiwe hedhi kwanza, kwa asidi ya traneksamiki siku zile za hedhi au kwa njia ya homoni atakayochagua daktari, pamoja na madini ya chuma. Nadhani utashangaa utakavyoacha kuchoka darasani. Kwa sasa pia mtafute fundi cherehani mzuri akutengenezee sidiria yenye kamba pana, na chini ya matiti uweke kitambaa safi cha pamba, ukikaushe kila mara.

Na kwa kuwa posa iko mlangoni, mwulize daktari wa upasuaji kuhusu kunyonyesha. Kupunguza matiti kunaweza kupunguza maziwa, na mimba huweza kuyabadilisha matiti tena. Wapo wanaoamua kuzaa kwanza, wapo wasioweza kusubiri. Huo uamuzi ni wako. Lakini mchumba mwambie, angalau habari ya damu. Siku utakapojifungua atakuwa yeye ndiye anayeulizwa maswali mapokezi, na lazima awe na majibu.

Kwa wakala andika ujumbe mfupi, usibishane naye: una ugonjwa wa damu uliothibitishwa, daktari wako hajaruhusu safari, unaomba kurudishiwa fedha. Tunza meseji zake zote, hasa ile anayokuambia ujaze uongo. Hiyo inaweza kukusaidia kudai.

Nimebakiza kaka yako, na yeye ananisumbua kuliko wewe. Kuvuja damu siku tatu jandoni mpaka kuongezewa kunaweza kuwa von Willebrand kama wewe. Kunaweza pia kuwa himofilia, ugonjwa mwingine wenye dawa nyingine, ambao kwa kawaida mwanaume huupata kupitia kwa mama na dada anaweza kuubeba akiwa na fakta 8 pungufu. Kwa hiyo majibu yake yanaweza kubadilisha hata mpango wako, na daktari wa damu atataka kuyajua kabla hujapangiwa tarehe. Asitumie dawa zako kwa kukisia. Siku unayokwenda Muhimbili mkatie tiketi na yeye, mpande basi moja.

Shangazi